Makinda wa bundi wa Kibosho: waokoa wanyama walivyonihudumia, na mahali waliponikera

Mimi ni mtu wa chenso. Nimeangusha miti Kibosho, Uru na Old Moshi, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa miaka kumi na saba, na sikuwahi kufikiri ipo siku nitaandika maoni juu ya watu wanaotibu ndege. Naandika kwa sababu siku nilipowahitaji nilitafuta mtandaoni neno la mtu kama mimi, nikakosa. Nilikuta sifa za wageni waliokuja kujitolea wiki mbili: mlima unaonekana vizuri, chakula kitamu, wenyeji wakarimu. Hakuna aliyesema nini kinatokea ukipiga simu saa nne asubuhi, umesimama katikati ya kahawa ya mtu, miguuni pako kuna makinda wa bundi, na mwenye kahawa anatafuta fimbo.

Jina la kituo silitaji. Wao wenyewe waliniomba nisiwatangaze, na sababu yao imeniingia. Wakijulikana sana, watu wanawaletea getini wanyama waliowanunua njiani kwa huruma. Kobe, komba, mtoto wa tumbili mwenye kamba shingoni. Mnunuzi anajiona ameokoa, na muuzaji anarudi porini kesho yake kutafuta mwingine kwa sababu biashara imelipa. Anayewahitaji kweli atawapata kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Mimi niliipata namba kwa njia hiyohiyo, mwenyekiti wa kijiji akipiga huku na huku kwa salio langu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Meku mmoja, yaani mzee kwa Kichaga, wa Kibosho alikuwa na mti wa mringaringa wa miaka mingi, tawi lake moja nene limeegemea upande wa nyumba. Kibali kilikuwepo, bei tumeelewana: kwanza nitoe tawi, keshoye niangushe shina, mnunuzi wa mbao ameshatoa nusu ya hela. Ilikuwa Juni, ile baridi yetu ya ukungu ambapo chenso inakataa kuwaka mpaka uibembeleze. Nilipogusa tawi kwa cheni, ndege mmoja mkubwa mweupe akatoka kwenye tundu bila sauti yoyote. Nasema bila sauti yoyote. Njiwa akiruka unamsikia, kunguru unamsikia, huyu alipita mita mbili kutoka usoni pangu na sikusikia hata upepo. Nilishtuka, lakini tawi lilikuwa limeshakatwa zaidi ya nusu, na tawi la namna hiyo huliachi linaning'inia juu ya bati la mtu. Likashuka.

Likaanza kufoka. Kijana wangu alikimbia hadi kwenye masale ya mpakani, akipiga kelele kwamba ni nyoka, na mimi mwenyewe nilirudi nyuma na panga mkononi. Sauti ilikuwa ya nyoka kabisa, "hssss" ndefu, tena ya nyoka mwenye hasira. Tulipochungulia kwenye pango la lile tawi tukakuta nyuso tatu nyeupe zenye umbo la moyo zinatutazama, na wa nne amelala pembeni, kafa. Waliobaki hawakulingana hata kidogo. Mmoja alikuwa na manyoya ya kweli tayari, mwingine nusu, na mdogo kabisa alikuwa pamba tupu. Baadaye niliambiwa bundi wa aina hii haotamii mayai yote kwa pamoja. Anaanza na la kwanza palepale, kwa hiyo mtoto wa kwanza anawazidi wenzake siku nyingi.

Meku akasema neno moja: "Ua."

Simlaumu. Hata mimi nimekua nikijua bundi akilia juu ya paa, kuna mtu anahesabiwa. Bibi yangu alikuwa akitupa kijinga cha moto nje ya mlango. Ila kuua kitu kinachonitazama usoni, baada ya kukivunjia nyumba, kulinishinda. Nikapiga simu.

Hapa ndipo maoni yenyewe yanaanza. Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili haikupokelewa. Nilikuwa nimeshaanza kuwatukana moyoni ya tatu ilipopokelewa na dada mmoja, hakunisalimia sana, akauliza mfululizo: uko wapi, ni wangapi, nani amewagusa, kuna mbwa, wamepewa kitu chochote? Nikamwambia mama mwenye nyumba anapasha maziwa. Akasema, "Kaka, ulishaona kuku ananyonyesha? Mwambie ayanywe mwenyewe, kuna baridi." Kisha akanipa maagizo ambayo nayakumbuka mpaka leo. Boksi la karatasi ngumu, litoboe matundu. Majani makavu chini. Waweke, funika, giza liwatulize. Usiwape chakula. Usiwatilie maji mdomoni hata tone, maana yanaingia njia ya hewa na unamzamisha akiwa nchi kavu. Watu wasikusanyike. Na mwisho: "Tawi usilipasue, na shina usiliguse."

Hilo la shina sikulipenda, na nitalirudia.

Walifika baada ya saa tatu na dakika ishirini. Nilihesabu, kwa sababu kijana wangu nalipa kwa siku, elfu kumi na tano, afanye kazi asifanye. Walikuwa wawili, daktari na kijana wa kumsaidia, kwenye pikapu iliyochoka ambayo baadaye tulilazimika kuisukuma ndipo iwake. Mtu asitegemee gari lenye king'ora. Lakini yule daktari alipoingia uwanjani hakwenda kwenye boksi. Alikwenda kwa meku kwanza, akamwamkia kwa Kichaga, akauliza hali ya ng'ombe, akakaa kwenye kigoda alichopewa. Dakika kumi zilipita. Mimi nilikuwa nachemka, lakini ndizo dakika zilizookoa siku.

Kwa sababu hakuja kuchukua. Ndicho kilichonishangaza kuliko vyote. Nilidhani waokoa wanyama wanakuja, wanabeba, wanaondoka, kama gari la taka. Daktari alimpima kila mmoja akiwa amemfunika kitambaa kichwani, akamtenga wa kati ambaye bawa lake la kushoto lilikuwa limevunjika karibu na bega, kisha akasema hao wawili wazima wanarudi juu ya mti. Leo. Mama yao yuko karibu, anatusubiri tuondoke.

Nikauliza swali ambalo kila mtu angeuliza: tumeshawashika, mama hatawakataa kwa harufu ya mikono? Akacheka, akasema hiyo ni hadithi ya kuwatisha watoto wasichezee viota, na ni hadithi nzuri, aiache iendelee. Ndege hamtupi mtoto wake kwa harufu ya mtu. Kinachomfukuza ni watu wenyewe wakikaa hapohapo wanashangaa.

Kikabaki kikwazo cha meku. Daktari hakumhubiria juu ya imani. Aliinama chini ya mringaringa, akaokota kitu cheusi kama kidole gumba, kikavu, akakivunja kwenye kiganja. Ndani kulikuwa na manyoya na mifupa midogo meupe. Bundi humeza panya mzima, tumbo linachambua nyama, halafu anatapika mifupa na manyoya yakiwa yameshikamana. Akampa meku kijiti, akamwambia, "Hesabu vichwa, baba." Meku akahesabu. Vitatu, kwenye kidonge kimoja. Na chini ya mti vilikuwa vimetapakaa. Sasa meku huyu ana stoo ya mahindi, na wiki hiyohiyo alinunua sumu ya panya kwa wale vijana wanaotembea sokoni na spika begani. Alikaa kimya muda, akasema, "Akae. Lakini asilie juu ya paa langu." Daktari akamwambia wa aina hii hata halii kile kilio cha bundi anachokijua, anapiga ukelele tu kama bawaba isiyotiwa mafuta. Sina hakika kama hilo lilimfariji.

Alimwomba pia ile sumu. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, anayumbayumba kwanza, na anayeyumba ndiye anayekamatwa upesi. Bundi anamla, anampelekea na mtoto, na sumu ileile inawamaliza. Meku alitoa pakiti mbili, moja haijafunguliwa. Nusu saa baadaye nilimwona akiidai bei yake kwa yule kijana wa kituo. Hakupewa.

Walikuja na sanduku la mbao lenye mlango wa duara, ila ngazi yao ilikuwa fupi. Mwenye kamba na mkanda wa kupandia ni nani? Kwa hiyo nilipanda mimi, nikalifunga sanduku kwenye shina karibu na pale tawi lilipokuwa, nikapandisha makinda kwenye ndoo. Huduma niliyoiita niliifanya mwenyewe nusu, na mdogo wa pamba akanitapikia mkono. Nasema haya ili mwenzangu ajue: hawana watu wengi, ukiwaita jiandae kushika kitu.

Yule kijana wa kituo alibaki, na mimi nikabaki naye, sijui kwa nini, labda kwa sababu siku ilikuwa imeshaharibika. Tulikaa nyuma ya migomba tumejifunika gunia. Mama mwenye nyumba alitutumia ndizi za kitawa zenye mvuke, Mungu ambariki. Saa mbili kasoro usiku kivuli cheupe kikatua juu ya sanduku na panya mdomoni. Makinda wakafoka. Kikaingia. Kijana akaandika saa kwenye daftari, akasema, "Twende." Hakuna aliyepiga picha.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni shina. Daktari alisema makinda wanahitaji wiki nane au zaidi tangu kutotolewa mpaka waruke vizuri, kwa hiyo yule mdogo alikuwa na wiki sita mbele yake, na katika wiki hizo mti usiguswe. Kwa mwokoaji wiki sita ni kitu kizuri. Kwangu ilikuwa mnunuzi wa mbao anapiga simu kila jioni akitaka hela yake. Hakuna aliyeniuliza kazi yangu itakuwaje. Ningeridhika hata na barua fupi yenye muhuri wao, nimwonyeshe yule mnunuzi kwamba sikumtapeli. Nilipowaambia jambo hili baadaye walikubali kwamba hawakuwahi kulifikiria. Wenye vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa kuzunguka nyumba, na watu wa chenso ndio tunaokutana na viota kuliko mtu yeyote Kilimanjaro hii, kwa hiyo walifikirie.

La pili ni taarifa. Yule wa bawa walimchukua, nikaahidiwa nitapigiwa. Sikupigiwa. Nilipiga mimi mara nne ndani ya wiki mbili, mara ya nne nikaambiwa walijaribu kumtibu wakashindwa siku ya tatu. Mfupa ulikuwa umesagika kwenye kiungo, asingeruka tena maisha yake, wakamchoma sindano ya kumlaza.

Nilikasirika. Jumamosi nikawasha pikipiki nikawafuata, na watoto wangu wawili nyuma. Njia ya vumbi tambarare, kisha geti lenye kibao cha Kiingereza kitupu. Kiingereza! Mtu aliyebeba nguchiro aliyegongwa na daladala atasoma nini pale? Nililisema hilo kabla hata ya salamu. Nikakaribishwa, nikapewa chai, watoto soda, lakini kuona wanyama wanaotibiwa nikakataliwa. Wanaorudi porini hawatakiwi kuzoea sura ya mtu wala sauti ya mtoto. Hata wanaowalisha makinda wanajificha nyuma ya kitambaa na kupitisha chakula kwa tundu. Watoto walinuna. Wakaonyeshwa jikoni badala yake, na jikoni kumbe ndiko kwenyewe. Friza moja ni panya watupu waliogandishwa, nyingine vifaranga madume wa siku moja, wale ambao kwenye vituo vya kuangulia kuku wa mayai hawana soko. Bundi hapewi steki. Akila nyama bila mfupa na manyoya, miguu inapinda kama ya mtoto asiyeota jua. Binti yangu wa miaka tisa alishika panya mgumu kama jiwe kwa mkia, akauliza kama anauma. Uani tulimwona kobe mmoja ambaye haendi popote, gamba lake limeungua kwenye moto wa kusafisha shamba, ameishi.

Ndipo nikamuuliza daktari: kobe mnamweka, kwa nini bundi wangu hamkumweka? Angeweza kukaa kwenye kizimba, watoto wa shule wakaja wakamwona, wakaacha kuwaua. Akanijibu taratibu. Kobe aliyeungua bado anakula, anatembea, anaota jua, maisha yake ya kobe yapo. Ndege wa usiku asiyeruka hana maisha ya ndege, ana hofu ya mchana na hofu ya usiku. Na mnyamapori si mali yao. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ni mali ya umma, wao wanashikilia kwa kibali, na kibali si cha kufungua bustani ya maonyesho. Nilimsikia. Sikukubaliana naye kwa yote, na mpaka leo sijakubaliana. Nadhani yule bundi mmoja angewabadilisha watu wengi kuliko vipeperushi vyao. Lakini alinijibu uso kwa uso, hakunizungusha, na aliomba radhi kwa zile simu nne.

Gharama: hakuna. Hawakuniomba hata mafuta. Ila kama ungetaka kutoa, hakuna lipa namba iliyobandikwa popote, inabidi uulize mpaka uone aibu. Nikaacha elfu ishirini kwa mhasibu, nikaandikiwa risiti ya mkono. Wageni wa kujitolea ndio wanaobeba gharama nyingi, inaonekana, na ndiyo maana kibao ni cha kwao. Naelewa. Bado kibadilishwe.

Natoa nyota nne. Ningetoa tano kama ningepigiwa ile simu.

Katikati ya Agosti nilirudi Kibosho na chenso. Sanduku lilikuwa tupu, limejaa uchafu wa vidonge na harufu ya kuua mtu. Meku alisema amewaona wawili jioni kwenye mti wa mgrivelia wa jirani, wakubwa, wanafanya mazoezi ya kutua na kukosea. Panya je? "Wapo," akasema, "ila wanatembea kwa adabu." Nikaangusha mringaringa, mnunuzi akachukua mbao zake na lawama zake. Sanduku meku aliniambia nilihamishie kwa jirani, kwenye ule mgrivelia. Kwake hapana. Kwa jirani sawa.

Siku hizi kabla ya kuwasha chenso nagonga shina kwa kisogo cha shoka na kusubiri, wateja wananiona kama nabisha hodi. Na Oktoba, Uru, nilipogonga mti ukanijibu: mtoto wa komba, mkubwa kidogo kuliko chungwa, ameng'ang'ania gome peke yake, mchana kweupe. Nikapiga ile namba. Ilipokelewa mlio wa tatu. Dada yuleyule. Akauliza kama ana jeraha, hana. Kama ni baridi kwa kumgusa, hapana. Kama kuna paka, hakuna. "Mama yake amemwegesha hapo," akasema, "wanafanya hivyo, wanaenda kutafuta chakula au wamekimbia kelele zako. Acha mti mpaka kesho. Tukija kumchukua tutakuwa tumemwiba."

Dakika nne, simu ikakatwa. Nilipoteza siku nyingine ya kazi, nikamlipa kijana elfu kumi na tano zake. Asubuhi gome lilikuwa tupu.